Usipa wa Ngumbo na Kahawa ya Mbinga

Kila asubuhi mitumbwi iliporudi kutoka ziwani, Kalista alikuwa amekwisha kufika ufukweni. Alibeba ndoo mbili na ufagio. Mumewe, Stephano, alikuwa mvuvi wa usipa. Usipa ni samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, wembamba, weupe wa kung'aa. Stephano aliushusha, Kalista akauosha, akaumwaga juu ya mchanga na kuutandaza kwa mikono. Kisha alikaa na fimbo kufukuza kuku na mbuzi hadi jua lilipopanda.

Upande ule wa Ngumbo wanawake thelathini walifanya kazi hiyo pamoja. Walikuwa na kikundi chao, jina lake Jitume. Mwenyekiti alikuwa Pankras, fundi wa boti za mbao. Pankras alikuwa mjomba wake Kalista, ndugu wa mama yake. Yeye ndiye aliyekianzisha kikundi, miaka mitatu nyuma. Yeye ndiye aliyekwenda Mbinga kutafuta mnunuzi, akampata. Namba ya mnunuzi ilikuwa kwenye simu yake peke yake. Hakuna mwanakikundi mwingine aliyewahi kumwona mnunuzi huyo wala kuisikia sauti yake.

Mikutano ya Jitume ilikuwa mifupi. Pankras alisimama, akasema, watu wakapiga makofi, wakarudi kazini.

Mwezi wa sita mwaka ule, Pankras alisimama akasema, "Bei ya usipa wetu imeshuka. Dawa yake ni moja. Anikeni zaidi."

Kalista alinyoosha mkono. "Mjomba, imeshuka kwa nini?"

"Mambo ya soko hayo, mwanangu. Wewe anika."

Basi wakaanika zaidi. Mchanga wote ulijaa usipa kutoka mwaloni, mitumbwi inapofikia, hadi kwenye matete. Bei ikashuka tena. Wanawake watano wakaacha, wakarudi kwenye mashamba yao ya mihogo. Nyumbani Stephano alimwambia mkewe, "Tunachoka mara mbili na tunapata kilekile. Kuna jambo hatulijui."

"Na anayelijua hasemi," Kalista akajibu.

Mwezi wa saba binti wa shangazi yake aliolewa Mbinga. Kalista akapanda huko kwa ajili ya harusi. Siku ya pili yake, kabla ya kurudi, alipita sokoni kununua maharage. Kulikuwa na baridi na ukungu, naye alijifunika khanga mbili. Alipofika kwenye vibanda vya samaki wakavu akasimama ghafla.

Nje ya kibanda kimoja, chini kabisa, kulikuwa na magunia manne. Midomo yake ilishonwa kwa uzi wa bluu wa kutengenezea nyavu. Uzi ule aliujua. Midomo ile aliishona mwenyewe, wiki mbili zilizopita.

Ndani ya kibanda alikaa mwanamke wa makamo, amevaa hijabu ya kijani. Kalista akamsalimu, akauliza, "Dada, usipa huu wa nje unauzaje?"

"Huo?" Mwanamke yule akatazama nje. "Huo ni wa kuku. Wa kula watu uko humu ndani."

Kalista akayatazama tena magunia yale. Akakaa juu ya kiroba cha karanga bila kukaribishwa. Mwanamke akamtazama. "Unaumwa, dada?"

"Siumwi. Usipa huo nimeuanika mimi."

Yule mwanamke akavuta kigoda akakaa mbele yake. Jina lake lilikuwa Rukia. Ndiye mnunuzi wa Jitume.

"Sikutaka kukuumiza," Rukia alisema. "Lakini tazama." Akafungua gunia moja la nje, akachota usipa kidogo, akausugua kiganjani na kuupuliza. Mchanga ulibaki kiganjani. "Mteja akipika, mchanga unaingia kwenye mchuzi. Akitafuna, meno yanalia. Akishaonja ulio safi wa humu ndani, harudi kwenye huu. Nimemwambia mwenyekiti wenu mara tatu. Hakuwaambia?"

"Hakutuambia."

"Basi pole. Mimi nilidhani mnajua na hamjali."

Wakati wakizungumza, mama mzee mmoja alifika kununua usipa. Alikuwa Restituta, mkulima wa kahawa, mteja wa Rukia wa siku nyingi. Alisikia habari yote, akamgeukia Kalista.

"Shikamoo, mama," Kalista alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo kule kwenu mnaanika chini?"

"Ndiyo, mama. Tangu bibi zetu."

"Twende nyumbani kwangu. Si mbali. Kuna kitu nataka ukione."

Wakapanda kilima nyuma ya mji. Walipozunguka kona, Kalista akasimama kwa mara ya pili siku ile. Ukungu ulikuwa unafunguka. Mteremko mzima, kutoka juu hadi bondeni, ulikuwa na meza ndefu za miti, mstari baada ya mstari. Juu ya kila meza kulikuwa na kahawa, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Watu walitembea katikati ya meza wakiigeuza kwa mikono. Hakuna punje hata moja iliyogusa ardhi.

"Hivi ni vichanja," Restituta alisema. "Upepo unapita juu na chini. Mvua ikija, tunafunika kwa nailoni. Zamani na sisi tulianika chini. Kahawa yetu ilidharauliwa kama usipa wenu."

Kalista aliinama akatazama chini ya meza. Aliona mwanga ukipenya kwenye matundu ya waya. Alipitisha mkono wake chini, akahisi upepo baridi kwenye vidole. Alikaa hivyo kwa muda. Milima hii aliiona kila siku ya maisha yake akiwa ufukweni, ya bluu, mbali. Hakuwahi kufikiri kwamba nyuma yake kuna watu wenye shida kama yake, tena waliokwisha kuitatua.

Kutoka Mbinga alirudi na kilo mbili za maharage na namba mbili za simu.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa mjomba wake. Pankras alikuwa anachonga ubavu wa boti kwa tezo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Harusi ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri. Mjomba, nilimwona dada Rukia."

Tezo likasimama hewani. "Ulikwenda kunichunguza?"

"Hapana. Niliuona uzi wangu kwenye magunia ya chakula cha kuku."

Pankras aliweka tezo chini. Hakumtazama. "Aliponiambia mara ya kwanza niliona aibu," alisema polepole. "Nikawaza, hawa wanawake wanaamka alfajiri, wanaungua jua. Nikiwaambia kazi yao inaliwa na kuku, kikundi kitakufa. Nikasema nitatafuta njia mwenyewe. Sikuipata."

"Mjomba, kikundi kinakufa sasa hivi. Watano wameshaondoka."

"Basi niacheni mimi nijue la kufanya. Mimi ndiye mwenyekiti." Akaokota tezo lake na kuendelea kuchonga.

Kalista aliondoka na moyo mzito. Kumpinga mjomba ni jambo gumu. Lakini kunyamaza kungekuwa kugumu zaidi. Akaenda ofisi ya kata kumwona Anjela, afisa maendeleo ya jamii. Anjela alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu hadi mwisho kabla ya kufungua mdomo. Kalista alimweleza yote.

"Mjomba wako si mtu mbaya," Anjela alisema. "Amebeba peke yake mzigo wa watu thelathini. Tatizo liko kwenye njia ya habari. Maneno ya sokoni yanafika kwake na kuishia hapo. Anayeanika hajui mlaji anataka nini. Mlaji hajui anayeanika anapata taabu gani. Mvuvi hajui hili wala lile."

"Tufanyeje?"

"Tunaposema mtandao, watu hufikiri ni wa simu tu. Mtandao wa biashara ni watu wanaojuana na kuambiana ukweli. Wewe umekwenda Mbinga siku mbili, umerudi na jambo ambalo kikundi hakikulipata kwa miaka mitatu. Sasa fikiri kama watu wote thelathini wangekuwa wanaulizana. Lakini mazungumzo nayo yana utaratibu wake. Tusimpite mwenyekiti. Nitakwenda kumwomba yeye mwenyewe aitishe mkutano. Na waitwe wote wanaoigusa kazi hii, hata wavuvi."

"Wavuvi si wanachama."

"Usipa wanautoa kina nani?"

Anjela alikwenda kwa Pankras mara mbili. Mara ya kwanza alikataliwa. Mara ya pili Pankras alisema, "Itisheni. Nitakaa."

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, katika darasa la shule ya msingi. Wanawake walibanana kwenye madawati ya watoto. Wavuvi walisimama nyuma, ukutani. Pankras alikaa mbele, uso umefungwa. Anjela aliweka simu juu ya meza ya mwalimu, akafungua spika.

"Haloo," sauti ilisema. "Mimi ni Rukia, wa Mbinga."

Darasa zima likaigeukia simu. Miaka mitatu walikuwa wakimfanyia kazi mtu wasiyemjua. Sasa mtu huyo alikuwa akipumua mezani. Mwanamke mmoja wa mbele, Ottilia, ambaye hakuwahi kusema kitu mkutanoni, aliinama karibu na simu kama mtu anayechungulia kisima.

"Dada Rukia," alisema, "sisi ndio tunaoanika."

"Nafurahi kuwasikia, mama zangu."

"Nataka kuuliza. Usipa wetu unaliwa na nani?"

Rukia alicheka kidogo. Akaanza kuwatajia. Kabla wateja hawajaukimbia kwa sababu ya mchanga, alisema, usipa wa Ngumbo ulikwenda kwa mama lishe wanaopika karibu na stendi ya Mbinga. Ulikwenda kwenye shule za bweni. Ulikwenda Songea, na kutoka Songea wengine waliuchukua hadi Njombe. Kuna mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akiuliza kila wiki, "Wa Ngumbo umefika?"

Wanawake walitazamana. Ottilia alirudi kwenye dawati lake, akaangalia viganja vyake vyote viwili. Viganja vile havikuwahi kufika hata Mbamba Bay, mji wa jirani. Samaki waliopita ndani yake walifika Njombe.

"Kumbe tunawalisha watu wa mbali," alisema kwa sauti ya chini.

Kisha Rukia aliwaambia habari ya mchanga, bila kuficha. Iliuma. Baadhi walimgeukia Pankras kwa macho makali. Anjela aliwatuliza. "Tumekuja kutengeneza, hatukuja kuhukumu," alisema.

Kalista akaeleza habari ya vichanja alivyoviona. Wote walivipenda. Lakini Stephano, aliyesimama ukutani, aliuliza, "Waya wa juu ya meza unapatikana wapi?"

"Mjini. Na ni ghali," Kalista akajibu.

Watu wakanung'unika. Matumaini yalianza kupoa. Stephano alikuna kichwa. "Mimi si mwanachama," alisema, "lakini kwa nini waya? Nyavu zetu za usipa zina matundu madogo. Zikichakaa tunazitupa. Mkizifua vizuri, mkazivuta juu ya mianzi, hazitawabeba samaki juu kama zinavyowashika majini?"

Darasa lote likaanza kusema kwa pamoja. Kwa miaka yote nyavu kuukuu zilirundikwa hatua ishirini kutoka mahali usipa ulipokuwa ukilala mchangani. Waliokuwa na nyavu hawakujua shida ya waanikaji. Waanikaji hawakuwahi kuwauliza.

Wiki ile walikata mianzi na kujenga kichanja cha kwanza, urefu wa kiuno. Pankras hakuja. Wakatandaza usipa juu ya wavu. Kufikia saa sita mchana wavu ulikuwa umelegea katikati kama machela. Usipa wote ukateremkia hapo, ukarundikana, ukaanza kunuka. Wakakaza kamba, ukalegea tena. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Wengine walianza kurudi mchangani.

Siku ya tatu Pankras alitokea. Hakusalimu mtu. Alizunguka kichanja, akainama, akaubonyeza wavu kwa kidole. Akapima upana kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

"Boti isiyo na mataruma haishiki umbo," alisema. "Hiki hakina mbavu." Akaomba panga. Alipasua mwanzi, akapanga fito zake chini ya wavu, moja kila baada ya mkono mmoja, akizipinda kidogo kwenda juu. Wavu ukanyooka kama ngozi ya ngoma.

Kalista alimletea maji ya kunywa. Pankras aliyapokea kwa mikono miwili. "Ningewaambia mapema," alisema. Walisikia wote. Ottilia alimjibu, "Mjomba Pankras, kesho tunajenga vingine vinne. Uje na panga lako."

Usipa wa juu ya kichanja ulikauka upesi kuliko wa mchangani, kwa sababu upepo wa ziwa uliupiga pande zote. Haukuwa na mchanga. Kuku hawakuufikia. Mvua za kwanza zilipokuja, walifunika kwa nailoni, wakafunua jua liliporudi. Mwaka mwingine wowote mvua zile zingewaharibia nusu ya samaki. Rukia alipofungua gunia la kwanza aliuchukua usipa mmoja akautafuna mkavu hivyo hivyo, akapiga simu. "Mwambieni aliyeanika," alisema, "nimeuweka ndani, mbele kabisa."

Wale wanawake watano wakarudi. Kwa msaada wa Anjela kikundi kiliandika katiba mpya, kwa maneno mepesi. Namba ya mnunuzi ilikaa kwa watu watatu. Kila wiki mbili walikutana, na neno la soko lilisomwa lilivyo, tamu au chungu. Mvuvi mmoja alikaribishwa kila mkutano. Kulikuwa na kifungu kimoja ambacho Ottilia ndiye aliyekipendekeza: mwenyekiti azungumze wa mwisho, akishawasikia wengine. Pankras alifikiri kidogo, akainua mkono wa kuunga mkono. Wakamchagua tena.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata Restituta alishuka kutoka Mbinga. Alikuwa na miaka sitini na miwili na hakuwahi kufika ziwani. Gari lilipomteremsha, alitembea hadi ukingo wa maji akasimama. Mawimbi madogo yalilowesha miguu yake. Ng'ambo hakuona kitu ila maji na anga.

"Nilikuwa naliona kutoka mlimani," alimwambia Kalista. "Nilidhani ni kitu kidogo." Akachota maji kwa kiganja, akanawa uso.

Alipoviona vichanja vya nyavu alivishika kila mahali. Waya wa kwao ulikuwa ukishika kutu na kukatika. "Hiki tungeweza kukitumia sisi," alisema. Stephano alifurahi, akamletea wavu mkubwa kuukuu, uliofuliwa, amemkunjia vizuri. Restituta aliuinua hadi puani, akaunusa, kisha akaucheka.

"Mwanangu, asante sana. Lakini kahawa ina pua kuliko mbwa. Ukiiweka karibu na vitunguu, inabeba vitunguu. Ikilala hapa, mnunuzi wetu ataonja kahawa na kupata usipa."

Wote wakacheka. Stephano mwenyewe alicheka hadi akakaa chini. Lakini baadaye alisema, "Kama usingetuambia, tungewaharibia msimu mzima." Wakakaa hapo hapo kuzungumza. Kwa kahawa utafaa wavu mpya, usioguswa na samaki. Na wavuvi wanajua kufuma. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi hawavui, kwa sababu taa hazivutii samaki. Siku hizo hukaa bure. Wakakubaliana wafume wavu mmoja kwanza, ujaribiwe kwenye meza moja tu.

Msimu wa kahawa ulipofika, ile meza moja ilijaribiwa. Wataalamu wa kuonja kahawa wa chama cha wakulima hawakupata harufu yoyote ngeni. Kikundi cha Restituta kiliwaalika watu wa Jitume waje kuona. Walikwenda wanne: Pankras, Kalista, Stephano na Ottilia. Ottilia hakulala njiani kama wengine. Alitazama kila mti.

Walisimama kwenye mteremko uleule. Katikati ya meza zote za waya palikuwa na moja ya wavu mweupe uliofumwa Ngumbo, na juu yake kahawa ilikuwa inakauka. Ottilia alipitisha mkono chini ya wavu, akaacha upepo umpite vidoleni. Nyuma yake Rukia alikuwa amepanda kutoka sokoni, akapeana mkono naye. Walikuwa hawajawahi kuonana. Walishikana mikono kwa muda mrefu.

Restituta alimfuata Pankras. "Mwenyekiti," alisema, "wenzangu wamependa. Tunataka nyavu za meza arobaini kabla ya msimu ujao. Wewe ni fundi, wewe ni mkubwa wao. Sema tu ndiyo, tumalize."

Kalista alimtazama mjomba wake. Pankras aliitazama ile meza, akatazama mbali, mahali ambapo ziwa lilionekana kama mstari mwembamba chini ya anga. Kisha akatoa simu mfukoni.

"Ngoja kwanza, mama," alisema. "Niwaulize wenzangu."

Akapiga simu Ngumbo, akafungua spika, akaishika simu katikati ya mteremko. Kule watu walikuwa wamekusanyika kwenye vichanja, wakisubiri simu kama walivyoagana. Sauti ya kwanza ikaanza kusema, ikafuata ya pili, kisha ya tatu. Pankras alisimama kimya kati ya meza za kahawa, akisikiliza hadi wa mwisho wao alipomaliza.